Mashine ya kukata nyasi, ile ya uzi unaojitoa wenyewe: wangu hautoki hata nikiigonga chini

Baba_Zuri (Jumatano, saa 2 usiku)

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijairusha hii mashine juu ya mabati ya jirani.

Niko Kasarani. Nyuma ya nyumba nina kiwanja cha futi hamsini kwa themanini hivi. Mvua za Aprili zimefanya kazi yake: nyasi ya kikuyu imefika magotini, kishona nguo kimezingira choo cha nje, na chini ya ua wa kayaba hakuonekani tena. Jumamosi hii wakwe wanakuja. Kijana aliyekuwa akinifyekea kwa slasha amerudi ushago kupanda mahindi, na simu yake haishiki.

Basi nikanunua mashine ya stima, ile nyepesi ya kukata kwa uzi wa nailoni. Muuzaji akaniambia hii ni ya kisasa, uzi ukiisha unajitoa wenyewe, kazi yako ni kutembea tu.

Siku ya kwanza, raha tupu. Siku ya pili uzi ukabaki kama njiti ya kiberiti. Nikaendelea kubana swichi nikingoja ujitoe. Robo saa nzima nimebana, mkono umekufa ganzi, hakuna kitu. Nikakumbuka vijana wanaokata nyasi kwenye esteti huwa wanagonga mashine zao chini. Nami nikagonga, kwenye saruji. Mara ya tatu kifuniko kikapasuka upande mmoja.

Nimefungua. Uzi umo ndani, tele! Lakini hautoki. Nimeuziwa feki?

Mtoto_wa_Eastlando

Uzi kuhusu uzi. Nakaa hapa na chai yangu.

Slasha haili tokeni, haina bobini, na ikigoma unainoa kwa tupa dakika tano. Nimemaliza.

fundi_wa_kirinyaga

Baba Zuri, pole. Kabla hatujamlaumu muuzaji nijibu haya. Pale katikati ya kichwa, upande unaotazama ardhi, kuna kitufe kinachobonyea? Huo uzi uliomo ni ule uliokuja nao au uliweka mwingine? Na wakati unangoja ujitoe, uliwahi kuachia swichi?

Baba_Zuri

Kitufe hakuna, ni bapa tu. Uzi niliubadilisha mwenyewe jioni ya siku ya kwanza. Ule wa kiwandani niliuona mwembamba kama wa kushonea magunia, nikanunua mwingine mnene wa milimita 2.4 kwa sababu niliambiwa mnene unadumu. Swichi sikuachia. Ningeachia vipi na nangoja uzi utoke?

Naweka picha.

fundi_wa_kirinyaga

Hapo ndipo penye kesi. Hujauziwa feki. Umefanya mambo matatu, na la nne nimeliona kwenye picha, lakini nitalifikia.

Vichwa vya mashine hizi haviko sawa. Kuna cha kugonga, ndicho cha wale vijana wa esteti. Kina kitufe chenye springi: ukigonga ardhini mashine ikiwa kwenye mwendo kamili, kitufe kinaingia, bobini (kile kigurudumu kilichozungushiwa uzi) inaachiwa kidogo, na uzi unavutwa nje na mzunguko. Chako si hicho. Chako hakina pa kugonga. Ulikuwa unapiga ukuta ukidhani ni mlango.

Chako ni cha kujitoa. Fungua kifuniko tena, utoe bobini taratibu, kuna springi huko ikiruka hutaiona mpaka Krismasi. Angalia mgongo wa bobini, utakuta meno yamezunguka kama ya gurudumu la saa. Pembeni, kwenye kikombe, kuna kipande cha plastiki kama ulimi, kimeshikwa na springi ndogo. Kisukume kwa kidole. Unaona kinavyoachia jino moja na kunasa jingine? Hiyo ndiyo mashine yote. Haina kompyuta, haina jicho la kuona uzi umeisha.

Mota ikizunguka, ulimi unatupwa nje na unashika jino. Mota ikipunguza mwendo, springi inaurudisha ndani, bobini inapiga hatua. Ukiwasha tena, ulimi unatupwa nje, inapiga hatua nyingine. Kwa hiyo uzi unatoka PALE UNAPOACHIA NA KUBANA. Wewe ulibana robo saa. Ulimi ulikaa palepale ukikutazama.

Tena unatoka kidogo kidogo. Mashine nyingi za aina hii hutoa kama milimita 6 kila ukiachia na kubana. Ukiwa umebaki na njiti ya kiberiti, utaachia na kubana mara kumi na zaidi kabla urefu haujarudi. Achia, hesabu moja, mbili, mzunguko upungue, bana. Usifanye haraka kama mtu anayepiga honi.

Baba_Zuri

Ehe! Yaani "wenyewe" si wenyewe kabisa.

fundi_wa_kirinyaga

Unajitoa wenyewe ukiwa unafanya kazi kama binadamu: unakata, unasimama kuhamisha waya, unakata, unasimama kufuta jasho. Kila ukisimama, uzi unaongezeka bila wewe kujua. Wewe ulikata kama unafukuzwa na wakwe.

Injinia_Kimya

Kuongezea kwa fundi. Kuna cha kujitoa cha aina nyingine, hasa kwenye mashine za petroli, na huwa kinachanganya watu kwa sababu chenyewe hakingoji uachie. Uzi mrefu unasukumana na hewa nyingi, kwa hiyo unaishikilia injini. Ukikatika ukawa mfupi, mzigo unapungua na kichwa kinaongeza mbio. Ndani kuna vizito vidogo vinavyobanwa na springi. Mbio zikizidi kiwango, vizito vinaishinda springi, bobini inateleza hatua moja, uzi unarefuka, hewa inaushika, mbio zinashuka, springi inafunga. Kinajirekebisha chenyewe kama boya la tangi la maji juu ya dari.

Ndiyo maana springi iliyochoka ni balaa. Ikilegea, uzi unatoka mfululizo na roli inaisha ukiwa bado hujafika kwenye geti.

Halafu Baba Zuri, huo uzi wa 2.4. Kama mashine yako ilikuja na wa 1.6, umeongeza unene mara moja na nusu tu, lakini uzito wa kila mita umepanda mara 2.25, maana ni kipenyo mara kipenyo. Mota ndogo ya stima inauburuta huo mzigo kwenye hewa hata kabla haijagusa jani. Na tundu la kutokea halikuchongwa kwa unene huo, kwa hiyo hata ulimi ukiachia, uzi unasugua na kukwama.

Mama_Bustani

Mimi nina vijana wanne, tunakata nyasi kwenye makao ya watu Lang'ata na Karen, kwa hiyo nizungumze kwa niaba ya wanaokula kwa hii kazi.

Vichwa vya kujitoa sivitaki kwenye mashine zangu. Si kwamba ni vibaya. Kwa mwenye nyumba anayekata nyuma ya jiko mara moja kwa wiki mbili, ni vizuri sana, mzee asiyetaka kuinamainama atashukuru. Lakini kijana wangu anakata saa sita kwa siku. Kila akiachia na kubana, kichwa kinatoa uzi hata kama ulikuwa haujaisha, kile kisu cha kwenye gadi (kinga iliyo juu ya uzi) kinaukata, na hela yangu inaanguka kwenye nyasi. Kwa kichwa cha kugonga, anatoa anapotaka. Na cha kugonga fundi yeyote wa jua kali anakijua.

Ila hata cha kugonga kina adabu zake. Gonga kwenye nyasi au udongo, usigonge kwenye saruji. Gonga resi ikiwa juu. Na usingoje uzi uishe kabisa: ukibaki chini ya sentimita mbili na nusu hivi, hauna tena uzito wa kuvuta wenzake walio ndani, utagonga mpaka jua lizame. Hapo ni kuzima, kufungua na kuvuta kwa mkono.

KaziNiKazi

Mama Bustani amesema kweli, mimi ni mmoja wa hao vijana wa kugonga, niko pande za Donholm. Sisi kwa kokoto na seng'enge uzi unaisha kama maji. Kuna jamaa alituonyesha kuweka waya wa breki ya baiskeli badala ya nailoni. Haukatiki! Unapita kishona nguo, unapita hata vichipukizi vya kayaba.

Mama_Bustani

KaziNiKazi, mwanangu, toa huo waya leo. Usingoje kesho.

Injinia_Kimya

Toa. Hesabu hii hapa: duara la sentimita 30, kichwa kikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha inakwenda karibu mita 125 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 450 kwa saa. Matatu ya Thika Road usiku wa manane haifiki hata nusu yake. Nailoni ikikatika kwa mwendo huo inakuchapa na kuacha alama, kwa sababu ni nyepesi na laini. Waya ukikatika, na utakatika, unajikunja kila mzunguko mpaka uchoke, kipande kinaruka kama risasi. Gadi ya plastiki haikutengenezwa kuzuia chuma.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2012 uuzaji wa vichwa vya vipande vya chuma vilivyounganishwa, kama vya minyororo, kwa mashine hizi za mkononi. Kama unataka kukata vichaka vya miti midogo, nunua kisu cha chuma kilichotengenezwa kwa mashine hiyo, na uwe na mashine inayokubali kisu.

KaziNiKazi

Nimewasikia. Mwezi uliopita kipande kilivunja kioo cha gari la mpangaji, tukasema ni jiwe.

Mtoto_wa_Eastlando

😳 Kwa hiyo ni wewe!

(Natania. Slasha oyee.)

Baba_Zuri

Fundi, ulisema jambo la nne uko nalo. Niambie tu, leo ni siku ya kuumbuliwa.

fundi_wa_kirinyaga

Gadi iko wapi?

Baba_Zuri

Niliitoa. Nyasi mbichi zilikuwa zinajaza chini yake kila dakika mbili.

fundi_wa_kirinyaga

Nilijua. Nusu ya mashine zinazoletwa hapa kwangu mota imeungua, ukiuliza gadi, iko stoo.

Kwenye ukingo wa gadi kuna kisu kidogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Hicho ndicho kinapima uzi. Kichwa cha kujitoa hakijui kusema basi, kinatoa tu kila ukiachia. Uzi ukifika kwenye kisu unakatwa, unasikia tak-tak-tak, halafu sauti inakuwa moja, vuuu. Ukitoa gadi, uzi unarefuka bila mipaka, mota inalemewa, inapata joto, harufu ya kuungua inaanza kutoka, na kwa mashine ya petroli ni klachi inayopikika. Mbali na mawe yanayokurudia usoni. Wakwe wasikukute na bandeji kwenye jicho.

Nyasi zikijaa chini ya gadi, zima, chomoa stima, kwangua kwa kijiti. Na usikate asubuhi sana umande ukiwa bado. Nyasi ya kikuyu iliyofika magotini usiivamie kutoka chini: punguza juu kwanza, kisha rudi katikati, kisha chini. Hapo haijazi sana.

Nyambura_K

Samahani kuingilia. Nina mbuzi watatu, Kahawa West. Nyasi iliyokatwa na hizi mashine naweza kuwalisha?

Mama_Bustani

Usiwalishe. Uzi ukiisha hauyeyuki, unabaki vipande vipande humo kwenye nyasi, na mbuzi hatautema. Ya mbuzi kata kwa slasha au mundu.

Mtoto_wa_Eastlando

Nimeitwa?

Nyambura_K

Asante mama.

Baba_Zuri

Sasa ratiba ya kesho: gadi irudi, uzi wa 1.6, na kuachia swichi. Ila bado sielewi kitu kimoja. Nilipofungua nilijaribu kuuvuta uzi kwa mkono ukagoma. Umeshikana kama tambi zilizolala usiku kucha. Hilo nalo ni la unene?

fundi_wa_kirinyaga

Aaa, hapo sasa umesema. Huo umeungana. Nailoni ikipata joto inalainika, na tabaka zikiwa zimebanana na kusuguana zinashikana kama mshumaa. Ulipobana robo saa na njiti ya kiberiti huku mashine inatetemeka, uliupika. Pia nahisi ulizungusha ovyo, mstari juu ya mstari.

Kuzungusha kuna heshima yake kama bobini ya cherehani. Angalia mshale kwenye bobini, ufuate. Ukifuata kinyume, kila mzunguko unakaza badala ya kulegeza. Kama ina nyuzi mbili, kila moja ikae chumba chake, zisipandane. Laza mzunguko kando ya mzunguko, safu kwa safu, kwa mkono uliokaza kiasi. Usijaze mpaka ukingoni, acha nafasi kidogo. Halafu nasa ncha kwenye vile vijipengo, pitisha kwenye matundu, ndipo ufunge.

Mama_Bustani

Na uloweke.

Baba_Zuri

Uloweke nini tena? Maharagwe?

Mama_Bustani

Uzi. Roli nzima kwenye ndoo ya maji usiku kucha, uufute kabla ya kuuweka. Nailoni hunywa maji kidogo kidogo na ndiyo inayoifanya iwe laini. Ikikaa stoo ya mabati Januari na Februari inakauka, inakuwa kama tambi mbichi, ukigusa ukuta inavunjikia kwenye tundu na kurudi ndani. Vijana wangu walinicheka mwanzoni. Siku hizi ndoo wanajaza wenyewe.

Jingine, kata kwa ncha. Mtu mgeni huusukuma uzi wote ndani ya nyasi, au anauburuza kwenye seng'enge. Ncha ndiyo inayokwenda kasi, ndiyo inayokata. Kando ya ukuta acha upana wa vidole viwili, majani yatainama yenyewe na kukatika.

Na tafadhali, miche. Nilipoteza mparachichi wa miaka miwili wa mteja kwa sababu kijana alisafisha majani kuuzunguka shina. Hakuukata, aliuchuna ganda tu, mviringo mmoja mwembamba hata hukuuona. Baada ya wiki chache majani yakaanza kunyauka kuanzia juu. Nililipa mche, na mteja sikumwona tena. Siku hizi kuzunguka shina ni mkono na jembe dogo.

Injinia_Kimya

Kwa wapenda historia: aliyeanzisha mambo haya anaitwa George Ballas, wa Houston, Marekani. Alikuwa na shule ya densi. Mwaka 1971 alikuwa kwenye sehemu ya kuosha magari, akaziangalia zile brashi za nailoni zinavyozunguka na kuosha gari bila kulichubua. Akarudi nyumbani, akachukua kopo la bisi, akalitoboa matundu, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine ya kukatia kingo za nyasi. Likakata. Kampuni alizozipelekea wazo zilimkataa, akaunda yake, na baadaye, 1977, akaiuza kwa Emerson Electric.

Mtoto_wa_Eastlando

Kopo la bisi! Sasa hiyo ni jua kali kabisa. Namheshimu. Slasha bado.

Baba_Zuri (Ijumaa, saa 12 jioni)

Ripoti. Uzi ule mnene nimeukata kwa kisu cha jikoni, haukukubali kutoka kwa heri. Nimepata wa 1.6 mtaani, nimeuloweka kuanzia jana usiku. Mama Zuri alikuta ndoo bafuni akaniuliza kama nimeanza kutengeneza pombe.

Nimezungusha nikifuata mshale. Kwanza nilikosea chumba, nikarudia. Gadi imerudi. Nimewasha, nimekata kando ya choo, sauti ikawa nyembamba kama mbu, nikajua uzi umepungua. Nikaachia. Moja, mbili. Nikabana. Tena. Tena. Mara ya saba nikasikia tak-tak-tak, halafu vuuu. Wadau, nilicheka peke yangu kama kichaa.

Shida iliyobaki ni kifuniko kilichopasuka. Nimekifunga kwa mpira wa tyubu, kinashika vizuri.

fundi_wa_kirinyaga

ZIMA HIYO MASHINE.

Kifuniko ndicho kinachoshikilia bobini na springi. Kikifunguka kwenye mwendo vyote vitaruka na hutajua vimekwenda wapi, labda magotini mwako. Mpira wa tyubu ni wa kufungia mzigo kwenye bodaboda. Njoo kesho asubuhi nakufungulia saa mbili, ulete kile cha zamani tulinganishe meno, vinafanana kwa macho lakini haviingiliani. Ninavyo vitatu vya saizi hiyo, mia tatu na hamsini kimoja.

Baba_Zuri (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Nilifika saa mbili kasoro. Asante fundi, na asante kwa chai.

Saa tano kiwanja kilikuwa safi, kimebaki kipande cha chini ya kayaba ambako kuna seng'enge ya zamani, huko nilifyeka kwa slasha ya kuazima. (Mtoto wa Eastlando, usiseme neno.)

Wakwe walifika saa saba. Baba mkwe alizunguka nyuma ya nyumba, akatazama nyasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza nimetumia nini. Nikamwonyesha. Akasema yeye alikuwa nayo ya petroli alipokuwa akifanya kazi Naivasha, anaijua, nimpe ajaribu kidogo. Nikampa miwani, akaikataa. Nikamwambia, mzee, hii ukitaka uzi unaachia swichi. Akanijibu, "Kijana, hizi mashine nimezishika kabla hujazaliwa."

Ningemwambia nini? Nilisimama pale na sahani ya matunda mkononi. Uzi ulipokwisha, akaiinua mashine, akaangalia chini akatafuta mahali pagumu.

Fundi, vile vifuniko vilibaki viwili, sivyo?